Anayeitika Bondeni

Marsiana, binti wa katekista wa Rulenge, alikuwa na miaka kumi na sita Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo mwaka wa tisini na nne na kuvifunika vilima kwa moshi wa mafiga. Watu wanaofika aliwazoea. Wanaoondoka hakuwahi kuwazoea, na Oktoba ile ya mwaka elfu mbili na saba kambi ya Warundi aliyoifanyia kazi miaka mitatu ilikuwa inavuja kama gunia lililotoboka. Kila Alhamisi mabasi yalipakia watu kuelekea mpakani. Kila Ijumaa mtaa mwingine ulibaki kuta za udongo zisizo na mapaa, mihogo isiyo na mwenyewe, na mbwa wawili watatu waliokataa kuelewa.

Alikuwa fundi wa maji, na tangu mwaka uliopita alikuwa pia mlezi wa vidude.

Vidude vilikuwa ishirini. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa kisahani cha sabuni, kimefungwa ndani ya kikopo kisichopitisha maji, na antena fupi juu yake kama unyoya wa kuku. Vilikaa kwenye chemchemi, kwenye matangi, na kwenye nguzo za nyumba zilizokuwa katikati ya njia. Vilipima kina cha maji na joto la mahali vilipo, kisha vikapokezana habari, kidude kwa kidude, hadi kwenye kompyuta ya ofisi ya maji iliyokuwa chini ya tangi kubwa.

Betri zake zilikuwa mbili ndogo, zile za redio ya mkononi, na zilitakiwa zidumu miezi sita. Kwa hiyo Gozbert, mhandisi aliyeuleta mradi huo na aliyekuja kutoka Biharamulo mjini kila Ijumaa, alivifundisha vidude kubana sauti. Kidude kikiita na jirani yake akaitika vizuri, safari inayofuata kinaita kwa sauti ya chini kidogo, na ya chini zaidi, hadi kinapofika mahali ambapo kikishuka tena hakitasikika. Kisipoitikiwa, kinapanda ngazi moja, kisha nyingine. Ngazi ya nane ilikuwa ukelele wa kuvuka bonde zima. Ngazi ya kwanza ilikuwa mnong'ono. Ulifika hatua kumi au kumi na tano, basi.

Siku ya kuvifunga, Marsiana aliwaeleza wanawake waliosimama na ndoo zao chemchemini. "Ni kama watu wawili wanaochota maji," alisema. "Mwenzako akiwa ng'ambo unapaza sauti. Akiwa kando yako, kwa nini uchoke bure?" Mzee Nzeyimana, mlinzi wa chemchemi, aliyageuza maneno hayo kwa Kirundi na kuongeza chumvi yake, kwamba kitu hicho kikiita hakikati tamaa, kinazidi kupaza sauti mpaka mtu akiitikie. Wanawake walicheka, wakaenda zao.

Jambo lenyewe lilianza Jumatatu yenye mvua na ukungu. Mvua hula sauti za vidude, na nyasi mbichi huzila zaidi. Marsiana alipofungua kompyuta saa mbili asubuhi alikuta vyote vimepanda ngazi moja au mbili, kama alivyotarajia. Vyote isipokuwa namba kumi na moja.

Namba kumi na moja kilikaa kwenye chemchemi ya chini kabisa, bonde la Nyakasheke, mtaa uliohamwa tangu Julai. Jirani yake wa karibu aliyebaki alikuwa mita mia nne kilimani, na usiku kucha kilikuwa kimemwita kwa ngazi ya saba. Ila saa kumi na mbili na robo alfajiri kilishuka. Sita, nne, mbili, moja. Kikanong'ona kwa muda wa dakika ishirini, kisha kikapanda tena hatua kwa hatua, kama mtu anayemsindikiza mgeni kwa macho.

Alidhani ni hitilafu. Jumanne alfajiri ikawa vilevile. Jumatano pia, saa ileile.

Jumatano hiyo hakutoka kwenye kiti. Aliziangalia safu za namba zikijibadilisha, na kadiri siku ilivyosonga akaona kilichomfanya aache uji wake upoe. Kumi na moja kilipomaliza kunong'ona, namba tisa, kilicho juu yake kilimani, kikaanza kushuka. Kikafika ngazi ya pili, kikapanda. Halafu namba saba, kwenye kona ya shule iliyofungwa, nacho kikashuka na kupanda. Halafu tisa tena. Halafu kimya. Kulikuwa na kitu kinatembea katika mitaa mitupu, na vidude vilikuwa vikipunguza sauti kinapopita, kama wazee barazani wanaokatiza mazungumzo mtu fulani akitokeza.

Kidude hakishuki mpaka kiitikiwe. Basi aliiuliza kompyuta swali ambalo hakuwa na haja ya kuliuliza siku nyingine: nani aliyemwitikia namba kumi na moja?

Jibu likaja: namba kumi na mbili.

Namba kumi na mbili hakikuwepo. Kilikuwa kimefungwa kwenye nguzo ya nyumba moja mtaa huo wa Nyakasheke, kikazimika mwezi Juni betri zilipokwisha, na Marsiana alipokwenda Julai kuzibadilisha alikuta nguzo imeng'olewa. Aliandika kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe kwamba kimeibwa.

Ijumaa Gozbert alifika na koti lake la mvua, akakaa, akazisoma namba safu kwa safu.

"Betri zimewekwa mpya," alisema. "Kina cha maji hakileti, kwa kuwa kilikuwa cha nguzoni, hakina waya wa kupimia maji. Lakini joto kinaleta. Umeliona?"

"Bado."

Alimgeuzia kompyuta. Nje, siku zile, joto lilikuwa nyuzi kumi na tano alfajiri na ishirini na tano mchana. Namba kumi na mbili kilionyesha thelathini na tatu. Alfajiri thelathini na tatu. Mchana thelathini na tatu. Usiku wa manane, thelathini na tatu na nusu.

"Hilo ni joto la nini?" Marsiana aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"La mwili," Gozbert alisema. "Chini ya nguo. Kuna mtu amekibeba, na hakitui hata akilala."

Hakupenda alivyolisema, akaongeza harakaharaka kwamba huenda ni mkulima wa Bisibo, kijiji jirani, anayekata miti kambini. Lakini mkulima wa Bisibo hashindi na kidude kifuani siku tano mfululizo, na wote wawili walilijua hilo.

Jumamosi asubuhi Marsiana alimfuata mzee Nzeyimana nyumbani kwake, mtaa wa mwisho uliokuwa bado na watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona asubuhi yote hii?"

"Nataka unisindikize Nyakasheke. Kuna mtu huko."

Mzee alimtazama kidogo. "Nyakasheke hakuna mtu," alisema, lakini akachukua fimbo yake.

Walishuka katikati ya ukungu. Nyumba zilikuwa zimeanza kuyeyuka kwa mvua. Kuta zilikuwa zimeinama, milango ilikuwa matundu, na kwenye ukuta mmoja mtoto aliandika kwa mkaa hesabu ya kuzidisha ambayo hakuimaliza. Hakukuwa na jogoo wala kikohozi cha mtu. Marsiana alisikia viatu vyake mwenyewe, na alitamani visingekuwa na sauti kubwa hivyo.

Kwenye tope la chemchemi palikuwa na nyayo, miguu mitupu ya mtu mzima, mipya kiasi kwamba maji yalikuwa bado yanajaa kwenye visigino. Aliinama kuzitazama. Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya maji, hatua kumi hivi, na dumu la njano mkononi. Alikuwa amejifunga kitenge kwa namna mama anavyombeba mtoto mchanga kifuani, na kilichokuwa ndani ya kitenge kilikuwa kidogo mno kuwa mtoto.

Fimbo ya mzee ilianguka.

"Bukuru," alisema Nzeyimana, kwa sauti ambayo Marsiana hakuwahi kuisikia kwake. Kisha akageuka, akapanda kilima. Hakukimbia mwanzoni. Alikimbia alipofika kwenye kuta.

Miguu ya Marsiana ilitaka kumfuata. Lakini alibaki. Alitamka salamu ya Kihangaza, lugha ya kwao, kwa kuwa Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mwanamke hakujibu. Alimtazama kama mtu anayesoma barua, kisha akarudi nyuma hatua moja, mbili, na ukungu ukamfunika.

Marsiana alimkuta mzee ameketi kwenye ngazi za ofisi ya maji.

"Nilimbeba yule," Nzeyimana alisema. "Mwezi wa tano. Mimi na wenzangu watatu tulimbeba kwenye machela hadi makaburini. Mie ndiye niliyeshika upande wa kichwa, na shuka lilifunuka, nikamwona uso. Alikuwa na homa siku sita. Bukuru, mshonaji wa mikeka, nyumba ya pili kutoka chemchemini. Kadi yake ya chakula ilirudishwa ofisini, ikakatwa kona ili isitumike tena."

"Huenda ni mtu anayefanana naye."

"Mwanangu, nilimwona kila siku kwa miaka tisa akija kuchota maji. Yule ni Bukuru. Kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita umuzimu, na kwenu mnamwita mzimu, na dawa yake ni moja, kumwacha." Akainuka. "Alhamisi hii nitaomba nipande basi. Nilikuwa nangoja mwezi ujao. Singoji tena."

Jumatatu iliyofuata Marsiana alikuwa peke yake ofisini. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ya rasharasha, bati linalia polepole juu ya kichwa chake. Namba tisa kilishuka hadi ngazi ya kwanza. Kisha saba. Kisha tano, ambacho kilikuwa kwenye mti wa mkaratusi njia ya kuelekea ofisini, na ambacho hakijawahi kushuka. Alitazama mlango. Ulikuwa wazi. Alitaka kuufunga akaona aibu. Namba tatu kikashuka. Sasa kilichobaki ni namba moja, kile kilichofungwa nje ya dirisha lake. Alikiona kwenye kioo cha kompyuta kikitoka ngazi ya tano kwenda ya tatu, ya pili, na ya kwanza, na hapo kikatulia, kikinong'ona.

Nje hakukuwa na mtu. Kulikuwa na uwanja mtupu, tope, na nguzo za tangi.

"Karibu," Marsiana alisema kwa Kihangaza, akilielekeza neno hilo penye mlango usio na mtu.

Mwanamke alitokea kutoka nyuma ya nguzo ya tangi. Alilowa chapachapa. Kwa karibu alionekana wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, midomo imepasuka kwa baridi. Alisimama kizingitini bila kuingia.

"Mzee alikimbia," alisema. "Wewe hukukimbia. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Wewe ni Bukuru?"

"Bukuru amekufa. Mimi ni Butoyi."

Marsiana alielewa papo hapo, na ngozi ilimsisimka zaidi kuliko alipokuwa hajaelewa. Kwa Warundi pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Hayo ni majina ya watu wawili.

Alimkalisha, akampa koti lake na chai ya moto kutoka kwenye chupa. Butoyi aliishika bilauri kwa mikono miwili akasimulia polepole, kama mtu ambaye maneno yake yamekaa muda mrefu bila kutumika. Dada yake aliandikishwa kambini mwaka tisini na sita. Walipoteana njiani, yeye akaishia kambi nyingine upande wa Kibondo, na miaka miwili baadaye akatoroka kumfuata pacha wake kwa miguu. Alifika bila karatasi. Waliogopa kwamba akijitokeza atarudishwa, wakaamua asijitokeze kwanza. Kwanza ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka tisa. Watu wawili wakaishi ndani ya jina moja na kadi moja. Anayetoka leo, kesho anabaki ndani. Leo Bukuru anachota maji, kesho Butoyi, na Nzeyimana aliwasalimu wote wawili kwa jina moja kila siku, wala hakushtuka.

"Dada alipougua nilimuuguza. Alipokufa nilijificha nyuma ya marundo ya mikeka, kwa sababu majirani waliingia. Waliomboleza. Nami nilikuwa hapo ndani, nimejiziba mdomo kwa mkeka. Wakambeba wakaenda naye. Ningetoka vipi? Ningemwambia nani kwamba mimi si yeye? Mabasi yalipoanza kuchukua mtaa wetu walisoma majina. La kwake halikusomwa, amekufa. Langu halikuwahi kuandikwa."

"Na hiki?" Marsiana alikionyesha kitenge kwa macho.

Butoyi alikifungua. Namba kumi na mbili kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha khanga, kikavu, cha uvuguvugu.

"Bukuru alikuwepo siku ile ulipowaeleza wanawake. Alirudi nyumbani akaniambia, hiki kikiita kinaitikiwa. Tulikuwa tunacheka, kwa sababu kilikuwa kwenye nguzo yetu, tukakipa jina kama mtoto. Baada ya kila mtu kuondoka nilikitoa kabla wezi wa miti hawajaing'oa nguzo. Kilikuwa kimekufa. Nilikaa nacho hivyohivyo miezi mitatu. Halafu nikaona, redio ya dada ina betri, na habari za redio hazinihusu. Nikazihamisha." Akakifunika tena kwa khanga. "Nilitaka mahali fulani ijulikane kwamba kuna mtu anapita."

 Marsiana alienda kwenye kompyuta akamwonyesha zile safu, akamweleza jinsi alivyomwona akitembea wiki nzima bila kumwona. Butoyi alifuata kwa kidole, hapa chemchemini, hapa shuleni, hapa kwenye mkaratusi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Na hapa," Marsiana alisema, "Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri. Namba kumi na saba, tangi la juu, karibu na makaburi. Kilishuka hadi ngazi ya kwanza, kikakaa hivyo saa nzima. Ulikwenda kumzuru dada yako?"

Butoyi aliutoa mkono kwenye kioo.

"Sijawahi kufika tangi la juu," alisema. "Naogopa watu wa barabarani kuniona."

Marsiana alirudisha macho kwenye safu. Ilikuwa kweli. Saa tisa ileile ya Jumanne ileile, namba kumi na moja nacho kilikuwa kinanong'ona bondeni, na aliyekiitikia alikuwa namba kumi na mbili. Kati ya bonde na tangi la juu ni zaidi ya kilomita mbili. Alitafuta aliyemwitikia namba kumi na saba. Mahali pa namba palikuwa wazi. Hapakuandikwa sifuri wala kosa lolote. Palikuwa wazi tu.

"Yeye ndiye aliyependa kule," Butoyi alisema taratibu. "Alisema ukisimama pale kukiwa hakuna ukungu unaona milima ya kwetu."

Mvua iliendelea kulia kwenye bati. Hawakulizungumzia tena jambo hilo, siku ile wala nyingine.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko mizimu. Jumanne asubuhi Marsiana alimpeleka Butoyi kwenye meza ya wanaoandikisha wanaorejea. Karani, kijana mpole aliyechoka, alisikiliza hadithi yote kisha akasema kwamba hawezi kumwandika mtu asiyekuwepo kwenye kitabu, labda apatikane mkimbizi mwenye kadi wa kumshuhudia.

Marsiana alikwenda kwa Nzeyimana. Mzee alikuwa ameshafunga mizigo. Alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, na mzee alisikiliza huku akiutazama ukuta.

"Miaka tisa," alisema. "Nikimuuliza jana ulinipa mkeka wa rangi gani, siku nyingine anakumbuka, siku nyingine hakumbuki. Nilidhani ni kichwa chake."

"Utakuja?"

"Naogopa, mwanangu. Sikufichi."

Lakini alikuja. Alisimama mbele ya Butoyi, kisha akanyoosha mkono wake wa kizee akamgusa kwenye kiganja, kama anayepima chungu kama bado ni cha moto. Aliuacha mkono hapo. Karani akamuuliza kama anamfahamu mwanamke huyu.

"Namfahamu," alisema Nzeyimana. "Na dada yake nilimzika. Andika Butoyi."

Karani akaandika. Butoyi aliomba kuliona, akageuziwa kitabu. Hakujua kusoma vizuri, ila herufi alizijua, akazitaja moja moja kwa sauti ndogo hadi ya mwisho, na karani hakumharakisha.

Alhamisi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mabasi yaliwasha taa asubuhi. Butoyi alimrudishia Marsiana namba kumi na mbili kikiwa bado kwenye khanga yake, na Marsiana akakipokea kwa mikono miwili. Alimuuliza kama anataka kubaki na khanga. Butoyi alitikisa kichwa kukataa. Nzeyimana alipanda basi hilohilo, akakaa mbele, karibu na dereva.

Basi lilijaa hadi mlangoni. Watoto walipakatwa wawili wawili, mabeseni yalikaa magotini, na wanaume watatu walisimama wameshikilia bomba la juu, tayari kwa safari yote hiyo hadi mpakani. Butoyi alikaa kiti cha tatu, upande wa njia. Kiti cha dirishani kando yake kilikuwa kitupu. Hakuweka mzigo juu yake. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea, akakitazama, akamtazama Butoyi, kisha akasogea mbele akaketi juu ya gunia lake sakafuni. Hakuna aliyemwambia kitu.

Marsiana alibaki ameduwaa barabarani hadi taa za nyuma zikapotea. Kisha akarudi ofisini kufungasha vidude, kwa kuwa wiki iliyofuata vilitakiwa kijiji cha Nyabusozi, kwenye visima vya wakulima.